Kovu Kabla ya Jina

Kwa miezi kumi na minne nilimchukia Katibu kwa moyo wangu wote, na sioni haya kulisema. Kila mwisho wa mwezi aliingia katika saiba yangu, duka la kompyuta na kuchapisha, hapa Garsen, akaweka kikapu chake juu ya mashine ya fotokopi bila kuomba ruhusa, akaniangalia na kuuliza jambo lile lile. "Umeiandika?" Nami nikamjibu lile lile. "Bado, mama." Akachukua kikapu, akaenda zake. Alichotaka niandike ni hati moja ya kiapo, nikiri kwamba mimi ndiye niliyejaza fomu ya pasipoti ya dada yangu Eseta kwa jina la mtu mwingine. Bila hati hiyo, Eseta angebaki kaburini bila jina lake, na wakala aliyempeleka Uarabuni angeendelea kunywa chai yake kwa raha pale kwenye hoteli ya njia panda. Nilijua yote hayo. Bado nilimchukia yeye.

Kila mtu hapa alimwita Katibu, hata wajukuu zake. Alikuwa katibu wa kikundi kidogo kinachotafuta watu waliodanganywa kazi nchi za nje wakaishia kutumikishwa kwa nguvu. Mwenyekiti wa kikundi alihamia Malindi, mweka hazina akachoka, wanachama wakabaki majina kwenye orodha. Yeye akaendelea kuandika barua na kutia sahihi ya Katibu, na hakuwahi kujipandisha cheo. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga unga, kwa hiyo barua zake zote zilifika balozini na vumbi la mahindi. Kompyuta hakuwa nayo. Ndiyo maana alikuja kuchapisha kwangu, miaka tisa, akisimama nyuma ya kiti changu na kunisomea kila neno kwa sauti ya mtu anayemwita mwenziwe aliye upande wa pili wa mto.

Alikuwa Mgiriama wa huku delta ya Mto Tana, mkulima wa Kilelengwani, mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka. Maji yalimchukulia nyumba mara mbili, na tangu hapo hakuamini karatasi iliyo wazi. Kila faili lilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, mifuko ndani ya gunia la mbolea, gunia ndani ya kikapu. Ukitaka karatasi moja, ungoje afungue mafundo manne. Siku moja kijana mmoja kwenye foleni akamwambia, "Mathe, si uscan tu hizo vitu uweke kwa simu?" Katibu akamjibu bila kuinua kichwa, "Simu yako ikianguka mtoni, utaipigia ikwambie iko wapi?" Foleni nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, ingawa nilikuwa nimekasirika kwa jinsi alivyonijazia unga kwenye mashine.

Mtu akija kuripoti ndugu aliyepotelea nje, swali la kwanza la Katibu halikuwa jina. Aliuliza, "Kovu liko wapi?" Watu wengi walichukia swali hilo. Alikuja mzee mmoja kutoka skimu ya umwagiliaji ya Bura, amekaa juu ya pikipiki tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Mwanawe aliahidiwa kazi ya dukani huko Asia, akajikuta amefungiwa kwenye jengo, analazimishwa kutapeli watu kwa mtandao, akikataa anapigwa. Mzee alipoulizwa kovu akasimama. "Huyu ni mtoto wangu," akasema, "si ng'ombe wa kutiwa alama."

"Kaa, baba," Katibu akamwambia. "Jina wanaweza kumnyang'anya. Karatasi wanaweza kumnyang'anya. Ngozi yake anatembea nayo. Kovu liko wapi?"

Mzee hakujua, na kutojua kwenyewe kukamvunja. Akampigia mkewe simu, na mama wa mtoto akajibu papo hapo: nyuma ya sikio la kulia, alianguka kwenye lango la mfereji akiwa darasa la pili. Katibu akaandika. Baadaye, kijana alipookolewa akiwa na pasipoti isiyo yake, lilikuwa ni lile kovu lililowafanya watu wa balozini wakubali kwamba ni yeye. Alirudi. Nilimwona kwa macho yangu akinywa soda ofisini kwa Katibu, na Katibu amekaa mbali naye makusudi, akijifanya anatafuta kalamu.

Hiyo ilikuwa kanuni yake. Mtu akirudi, haulizwi kitu siku mbili. Anapewa maji ya kuoga, wali, samaki, na mahali pa kulala. Hata mama yake mzazi akianza maswali alitolewa nje. Lakini huyo huyo Katibu, akiwakabili wazazi waliompokea wakala nyumbani kwao, hakuwa na huruma hata chembe. Barazani mbele ya chifu aliwasimamisha mmoja mmoja. "Nani alimchinjia kuku yule mtu? Simama. Nani alimpa kitanda? Simama." Watu wazima walisimama wakiangalia miguu yao. Wengi hawakumsamehe kwa hilo, na sidhani alitaka wamsamehe.

Mashirika makubwa yalimjua. Yalikuja kutoka Nairobi na magari mawili matatu, yakafanya semina hotelini, yakagawa fulana zenye maandishi ya kupinga utumwa wa kisasa, yakarudi kabla jua halijawa kali. Siku ya semina Katibu alipiga pasi gauni lake la buluu, akafika wa kwanza, akala nyama zote alizowekewa. Mwaka mmoja alikwenda na mama mmoja aliyerudi kutoka Uarabuni hajatimiza hata wiki. Mwendesha semina, kijana mpole mwenye kamera shingoni, akamwomba yule mama asimame aeleze alivyoteswa, kwa sababu itasaidia sana kwenye ripoti. Katibu akafuta mdomo. "Nimemleta ale," akasema. "Hakuja kulia mbele yenu." Akamshika mkono, akatoka naye. Mlangoni akaokota pia katoni nzima ya fulana, na kwa miezi mingi wazazi wapya wa Kilelengwani walifunga watoto nepi za kupinga utumwa wa kisasa.

Mimi ningewafukuza wote. Hasira yangu juu ya watu hao haijaisha mpaka leo: wanahesabu waliohudhuria, hawahesabu waliorudi. Katibu hakukubaliana nami. "Wale wana namba ya balozi, na akiona namba yao anashika simu," aliniambia. "Mimi akiona namba yangu anaacha ilie. Wacha waje na fulana zao." Aliwatumia kama mtu anavyotumia punda wa jirani, bila kumpenda.

Jambo moja nililitumia kumuumiza. Nyumba yake ya Kilelengwani ilikuwa ya mabati mazuri, na mabati yale yalitoka kwa bintiye, ambaye yuko Uarabuni mwaka wa nane sasa, anafanya kazi kwa familia nzuri, anapiga simu kila Ijumaa. Siku moja, nimechoka na maswali yake, nikamwambia mbele ya wateja, "Wewe unalala chini ya mabati ya Uarabuni halafu unawakataza watoto wa wenzako." Alinigeukia. Kisha akasema, "Sijamkataza mtu kwenda. Nasema aende na jina lake." Akachukua kikapu. Neno hilo lilinichoma, kwa sababu alikuwa anajua tayari tulichomfanyia Eseta.

Sasa niseme kosa letu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Dada yangu alikuwa na miaka ishirini na saba, mama wa watoto wawili. Hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Alisoma mkataba wa kazi ukurasa kwa ukurasa, akamuuliza wakala maswali, na wakala akajibu vizuri. Shida ilikuwa vyeti. Mafuriko yalichukua sanduku la mama lenye cheti cha kuzaliwa cha Eseta, na kila alipokwenda kuomba kitambulisho alirudishwa akalete cheti hicho hicho kilicholiwa na maji. Wakala akasema nafasi haitangoja. Basi tukamkumbuka Rahabu, binti wa mama mkubwa, anayelima Wenje. Nyumba yao iko juu, vyeti vyake vilikuwa vikavu, na kitambulisho hakuwa amechukua bado kwa sababu shambani hakukihitaji.

Kwetu mtoto wa mama mkubwa ni dada, basi. Tunaazimana mtumbwi, tunaazimana masufuria ya arusi, tunaazimana hata watoto wa kulea. Tukaazimana jina. Wazee wa kijiji waliitwa kuthibitisha kama huyu ni binti wa nyumba ile, wakasema ndiyo, na kwa hesabu yao hawakusema uongo. Eseta akapewa kitambulisho cha Rahabu. Wakala alijua kila kitu. Alituambia jina ni jambo dogo, huko wataangalia kazi. Nami nikakaa kwenye kompyuta yangu mwenyewe, nikajaza fomu ya pasipoti kwa jina la Rahabu, nikaikagua mara mbili isiwe na kosa. Kanisa likamwombea Eseta, tukamsindikiza mpaka njia panda, na mimi nilikuwa natembea kifua mbele.

Mwezi wa tano alinipigia mara moja, kwa simu ya jirani wa tajiri wake. "Kaka, silali," alisema. "Nyumba tatu nafanya kazi, pasipoti wameficha, mgongo umekufa. Nataka kurudi."

Nikamwambia, "Vumilia kidogo, dada. Kanisa zima lilikuombea."

Hayo ndiyo niliyomjibu. Hakupiga tena.

Wiki tatu baadaye nilikwenda kwa Katibu. Akafungua mafundo, akatoa karatasi mpya. "Kovu liko wapi?"

"Mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. La sufuria ya wali."

"Na pasipoti ina jina gani?"

"Eseta," nikasema.

Niliogopa. Kujaza fomu ya serikali kwa uongo ni jela, na saiba ingefungwa. Nilijiambia kwamba dada atapatikana tu, jina si kitu. Kwa wiki saba Katibu aliandika barua za kumtafuta Eseta, na aliyezichapa ni mimi. Alisimama nyuma ya kiti changu, akanisomea jina la dada yangu kwa sauti kubwa, nami nikalichapa nikijua halimo popote katika nchi ile. Majibu yalirudi kwamba hakuna mtu wa jina hilo aliyeingia. Katibu aliwapigia simu watu wa balozini, akawatukana. Nilikaa pale nikisikiliza watu wasio na kosa katika jambo hilo wakitukanwa kwa ajili yangu.

Wiki ya nane nilishindwa. Nilimweleza yote. Nilitegemea anipige. Alikaa kwenye benchi la wateja, akapangusa unga kwenye magoti, kisha akasema, "Chapa upya. Weka la Rahabu." Jibu lilikuja siku ya nne. Mwanamke wa jina hilo alifariki hospitalini, siku kumi na tisa zilizopita. Karatasi ilisema moyo ulisimama. Moyo wa nani hausimami akifa? Hakuna aliyeandika kilichousimamisha. Na mimi nilihesabu siku, nikarudia, nikahesabu tena. Barua nne za kwanza nilizichapa akiwa hai.

Katibu alisafiri nami mpaka Nairobi kupokea maiti. Mtu wa mizigo pale uwanja wa ndege alituambia jeneza halifunguliwi. Katibu akakaa chini, sakafuni, na gauni lake la buluu, akaweka kikapu mapajani. "Nina siku nyingi," akamwambia. Baada ya muda likafunguliwa. Aliinua mkono wa kushoto wa dada yangu taratibu, akautazama chini ya kiwiko, akaurudisha. Akaandika kwenye karatasi yake. Sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia wakati ule, kwa utulivu wake. Nikaletewa fomu ya kupokea mwili wa Rahabu, nikatia sahihi haraka. "Hiyo ni karatasi ya uongo ya pili," Katibu akaniambia.

Mazishini Rahabu mwenyewe alisimama mbele yangu, analia, na kibali cha mazishi kina jina lake. Mama akamwambia mchungaji, "Soma jina la mtoto wangu." Mchungaji akaangalia kibali, akamwangalia naibu wa chifu, akasoma "dada yetu mpendwa". Msalaba ukabaki mtupu. Mama bado anaupitia kila Jumapili, na kila Jumapili unamwambia kwamba mwanawe hakuwepo duniani.

Tulipompeleka wakala polisi, alijibu kwa maneno machache. Hajawahi kumpeleka mtu anayeitwa Eseta. Rahabu alimpeleka, na kifo cha Rahabu kina cheti cha hospitali. Aliondoka pale anacheka. Uongo wetu ndio uliomlinda, na ndipo Katibu alipoanza kuja kila mwisho wa mwezi na swali lake. Kiapo changu kingefungua kesi, kingemrudishia Rahabu uhai, kingemrudishia Eseta jina. Nami nilisema bado. Mguu wa Katibu ulipovimba akakosa kuja miezi miwili, nilifurahi. Nalisema ili mjue mnasoma habari za nani.

Aliyenimaliza ni Rahabu. Aliingia saiba na mtoto mgongoni, ametoka ofisi ya vitambulisho. Alitaka kumwandikisha mtoto hospitali, wakamwambia kwanza awe na kitambulisho. "Wameniambia nilishachukua, kaka," akasema. "Na wameniambia nimekufa." Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Aliuliza tu kama mtoto wa mtu aliyekufa anaandikwa wapi.

Siku ya pili nilifunga saiba, nikapanda boda mpaka Kilelengwani na hati ndani ya bahasha. Katibu alikuwa kibarazani, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua punje za pojo kwenye sinia. Amepungua. Sauti ile ile.

"Umeiandika?"

Nikampa. Aliisoma na kidole chini ya kila mstari, muda mrefu, kisha akairudisha kwenye bahasha.

"Hapa umesema wakala ndiye aliyejaza fomu."

"Yeye ndiye aliyetaka."

"Sijauliza aliyetaka. Fomu ilijazwa wapi?"

"Saiba."

"Nani alikuwa kwenye kiti?"

Hapo nikapasuka. Nilimwambia kwamba wakala anakunywa chai, tajiri aliyemuua dada yangu kwa kazi amelala kwenye kiyoyozi, waliomfichia pasipoti hawajulikani hata sura, na hakuna hata mmoja wao aliyeambiwa aandike kitu. Kwa nini nianze mimi? Kwa nini kila siku mimi? Nilisema kwa sauti kubwa mpaka jirani akatokeza kichwa. Katibu aliendelea kuchambua pojo.

"Kwa sababu wale hawatakuja hapa," akasema. "Wewe umekuja. Ukiandika ni yeye, wakili wake atauliza kompyuta ya nani, na kesi itakufa hapo hapo. Na hii itakuwa karatasi ya uongo ya tatu."

"Watanifunga."

"Labda. Nitakuja kukuona na mguu huu huu."

Akanisukumia kalamu na karatasi safi. Niliandika kwa mkono, juu ya sinia ya pojo. Niliandika kwamba mimi, kaka wa Eseta, nilikaa kwenye kiti changu, kwenye kompyuta yangu, nikajaza jina la Rahabu nikijua si la dada yangu. Niliandika nilivyomdanganya Katibu, na zile wiki saba. Niliandika nilichomjibu dada yangu kwenye simu, ingawa hakuna aliyenitaka kuandika hilo. Nilipomaliza Katibu akasoma, akagonga karatasi kwa ukucha.

"Umesahau kovu."

Nikaandika kwamba Eseta alikuwa na kovu mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, la sufuria ya wali. Nikasita na kalamu. Kisha nikaongeza kwamba sufuria ile niliimwaga mimi, tukiwa watoto, nikikimbia jikoni, na kwamba Eseta alimwambia mama ameimwaga yeye.

Katibu alisoma mstari huo mara mbili. Hakuukata. Aliiweka karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya gunia, akaanza kufunga mafundo.